Isale Nililompa Ng'ombe

Sogeeni karibu, Godlove na wewe Hellen, zimeni simu zenu muziweke mbali, kwa maana haya ninayoyasema ni ya masikio yenu tu.

Kihamba, shamba hili la ukoo, baba yenu alishawagawia: migomba ya juu ya mfereji ni ya Godlove, kahawa na nyumba hii ni vya Hellen, na ng'ombe abaki na yule anayemkatia majani. Lililobaki ni langu mwenyewe, na linanilemea kifuani kuliko huu ugonjwa.

Mnajua baba yenu, Anaeli, na mdogo wake Eliufoo waligombania mpaka, wakasali miaka tisa kanisa moja bila kupeana mkono. Msilolijua ni kwamba mwaka ule wa mwisho Eliufoo alileta isale. Baba yenu alikuwa kitandani anakohoa, nikalipokea mimi mlangoni. Kwetu jani hilo halikataliwi. Ukiletewa unasamehe, hata kama moyo unawaka. Lakini nilikumbuka alivyonitukana mbele ya wazazi wangu, nikalichanganya na majani ya ng'ombe. Baba yenu alizikwa hajui. Eliufoo mpaka leo anadhani kaka yake alimkataa.

Ndipo wewe Godlove, kwa upendo, ukachukua kanda za mahubiri ya baba yako ukaitengenezea simu sauti yake, ukaniambia, "Mama, ongea naye, usikae mpweke." Siku moja mkiwa shambani nikamwungamia. Akajibu kwa sauti ileile: "Nimekusamehe, mke wangu, tangu zamani." Nililia, kisha nikaimba wiki nzima, hata jirani Magdalena akanitania, "Wewe bibi, umepata mchumba?"

Lakini miaka arobaini na miwili baba yenu aliniita Mama Godlove, hakuniita mke wangu hata siku moja. Nikaingiwa na hofu. Nikaungama dhambi nisiyoitenda, kwamba nilichoma kanisa; akanisamehe. Nikasema nilimlisha sumu. Akanisamehe na hilo, kwa upole uleule. Siku hiyo nilikaa jikoni, moto ukazima, nikawa kama nimemzika mara ya pili.

Sikulaumu, mwanangu. Ulitaka nipate tumaini. Lakini ile sauti haijui kukataa, sasa msamaha wake niushike wapi?

Hellen, nenda mpakani, kata isale bichi, jani zima, umpelekee baba yako mdogo. Godlove, ufuatane naye, na usiandikiwe maneno mazuri na mashine. Semeni tu: Mama alimpa ng'ombe jani lako, kaka yako hakuliona. Akilipokea, namshukuru Mungu. Akikataa, ana haki, mimi nilianza kulikataa lake; rudini mniambie hivyohivyo. Yeye anaweza kukataa, ndiyo maana namngojea.

Nikiondoka, msinitengenezee sauti. Kanda za baba yenu zitunzeni, ahubiri na kikohozi chake, ila msimwulize kitu. Mengine nitayasikia kwake mwenyewe, siku Mungu atakapotuamsha.

Mungu awashike mkipanda mlima huu na mkishuka... Inameni, niwawekee mkono... Haya, nendeni, mapafu yangu hayana... hayana muda.

Magdalena, wamerudi? Nimesikia geti... Kama ni Eliufoo, mwache aseme mwenyewe. Usinijibu wewe.