Mbao za Chumba cha Nyuma: Wasifu wa Fundi Vua

Wasifu huu umeandikwa na mkewe na unasomwa na mdogo wake, kwa sababu marehemu alitaka iwe hivyo. Alisema, "Mwalimu aandike, maana yeye hapendi makosa. Mdogo wangu asome, ili watu wamwone amesimama upande wangu." Wengi mliopo hapa mmesikia mengi kuhusu ndugu hawa wawili. Leo sikieni yaliyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya watatu, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, seremala. Alifuatiwa na dada yake, kisha na huyu mdogo wake, ambaye alimbeba mgongoni huku akifagia maranda. Mama yao alikuwa akisema kwamba kifunguamimba wake alijifunza kutambaa juu ya maranda hayo, ndiyo maana hakuona taabu kupiga magoti maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani, akaingia chuo cha ufundi mwaka 1974 na kuhitimu useremala mwaka 1976. Familia inapenda ijulikane kwamba hakuacha masomo kwa kushindwa, kama ilivyowahi kusemwa. Alikuwa amekwisha kupata nafasi ya kuendelea na masomo ya juu. Baba yao akapata kiharusi, naye akaamua kwamba karakana haitafungwa na wadogo zake hawatakatiza shule. Hawakukatiza.

Katika useremala wote alichagua sakafu. Samani zina wenyewe, alisema, lakini sakafu inambeba kila mtu, hata mgeni asiyealikwa. Mteja aliyefika kuuliza mbao aliulizwa yeye kwanza: Nani anaishi humo? Kuna watoto? Kuna mbwa? Jua linaingia dirisha gani? Maji yanapita wapi? Baada ya hapo ndipo alipoonyeshwa mninga, mvule au mtiki. Wengine waliambiwa wazi kwamba chumba chao hakifai kwa mbao, wakarudi walikotoka na hela zao.

Mbao hazikutandikwa siku zilipofika. Alizipeleka nyumbani kwa mteja, akazilaza katika chumba chenyewe, vijiti katikati yake ili hewa ipite, akaondoka. Mbao ikitandikwa kabla haijaizoea hewa ya nyumba, hujikunja au huachana baadaye. Mama mmoja aliyechoka kuziruka sebuleni kwake alimfuata karakanani.

"Fundi, umeniletea sakafu au umeniletea wageni?"

"Wageni, mama. Waache waizoee nyumba."

Kazi ilipokwisha, alitoa masharti. Ufagio uwe laini. Kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoshe tone, na ndoo ya maji isimwagwe kamwe. Miguu ya viti ivalishwe vipande vya zulia kuukuu. Viatu vibaki mlangoni, kwa sababu mchanga chini ya soli unakwangua kuliko kisu. Kwa sharti hili la mwisho mji mzima ulimwita Fundi Vua. Mkwe wake alipokuja kujitambulisha mara ya kwanza, amevaa viatu vipya vinavyong'aa, marehemu alivisifu sana viatu vile, kisha akamwonyesha pa kuviweka.

Ndivyo alivyompata mkewe pia. Mwaka 1983 alikuwa akitandika sakafu ya maktaba katika shule ambako mkewe alifundisha. Mwalimu akaingia na viatu vya kisigino.

"Mwalimu, vua."

"Humu ndani mimi ndiye ninayeamuru."

"Amuru, Mwalimu. Lakini amuru bila viatu."

Mwalimu alitazama chini atafute la kumjibu, akaona kidole gumba cha fundi kimechungulia kwenye soksi iliyotoboka. Akacheka, na aliyecheka hawezi tena kugomba. Walifunga ndoa tarehe 21 Julai 1984. Mungu akawajalia watoto watatu. Katika miaka yote hiyo hakuna mtoto wala jirani aliyemsikia marehemu akimwinulia mkewe sauti, isipokuwa kwa habari ya ndoo ya maji.

Sasa tufike pale ambapo maneno yamesemwa.

Mwaka 2009 mdogo wake alifungua duka la sakafu za lamineti. Kwa wasioijua, lamineti ni vibao vya unga wa mbao ulioshindiliwa, na juu yake imebandikwa picha ya mbao halisi chini ya ngozi ngumu inayong'aa. Inabanana yenyewe bila misumari wala gundi. Haihitaji msasa wala vanishi, na bei yake ni nafuu. Lakini ngozi ile ikiisha, imeisha. Mbao halisi unaipiga msasa ikarudi upya.

Siku ya kufungua duka marehemu alialikwa kama kaka mkubwa. Akiwa katikati ya wateja aliinua kibao kimoja, akakigeuza, akasema, "Hii ni picha ya mbao. Jamani, nani analala na picha ya mkewe?"

Watu walicheka. Mdogo wake hakucheka. Alisema, "Kaka, si kila mtu ana uwezo wa mninga. Na wao wana miguu."

Marehemu aliweka kibao chini, akaacha soda yake mezani haijafunguliwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo walisalimiana kwenye harusi na misiba, lakini hakuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake. Watu wakaeneza kwamba waligombania urithi wa karakana. Si kweli, na familia inaomba neno hilo lizikwe leo. Karakana waligawana bila kupandishiana sauti. Waliumizana kwa mzaha mmoja, kisha kila mmoja akangoja mwenzake aanze.

Hata hivyo, marehemu hakuacha kufanya haki. Mteja aliyeishi nyumba ya kupanga, au mwenye watoto wengi na kipato kidogo, marehemu alimwambia, "Nenda kwenye duka lile la kona, utapata sakafu nzuri. Usiseme nani amekutuma." Mdogo wake alijua. Wateja wote hao walifika dukani wakisema jua linaingia dirisha gani.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 marehemu alianza kukohoa. Madaktari walisema ni mapafu, vumbi la miaka mingi limeyachosha. Alitibiwa vizuri, na binti yake mkubwa, muuguzi, hakumwacha. Alipoishiwa nguvu za kutembea alihamishiwa chumba cha nyuma, karibu na bafu. Chumba hicho peke yake katika nyumba ya Fundi Vua kilikuwa bado saruji tupu. Kando ya ukuta wake zilikuwa zimelala mbao za mninga alizozichagua mwenyewe miaka mingi nyuma, vijiti katikati, zikingoja apate nafasi. Kazi za watu hazikumpa nafasi. Na sasa daktari alikuwa amekataza vumbi la msasa na harufu ya vanishi.

Saruji ilikuwa baridi na ilitoa vumbi. Mkewe alivaa, akaenda mwenyewe kwenye duka la kona.

"Shemeji, njoo utandike chumba cha kaka yako."

"Ameniita?"

"Nimekuita mimi. Yeye hana pumzi ya kuita mtu."

Alikuja siku hiyo hiyo, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akapanga pakiti zake sebuleni na kuondoka taratibu, kwa sababu mgonjwa alikuwa amelala. Alirudi keshokutwa yake na pimamaji. Sauti ya kwanza iliyomkaribisha ilitoka kitandani.

"Zimepumzika?"

"Ziko sebuleni kwako tangu juzi, kaka."

"Ukutani utaacha nafasi? Zikivimba zisikose pa kwenda."

"Nitaacha."

"Upana wa kidole?"

"Kidole. Changu, maana chako kimenenepa."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa, na binti yake akawagombeza wote wawili kama watoto. Kitanda kikasukumwa upande huu, kikasukumwa upande ule, na kabla jua halijazama chumba kilikuwa kimekwisha. Mdogo wake alimshika makwapani, akamsimamisha, miguu mitupu juu ya sakafu mpya. Marehemu aliitazama kona kwa kona.

"Picha imetoka vizuri," alisema. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na haina baridi, mdogo wangu. Nilikosea kusema mbele za watu."

Mdogo wake alimlaza, akapiga magoti kutafuta futi yake ya kupimia chini ya kitanda. Futi ilikuwa mfukoni mwake.

Kuanzia hapo alikuja kila alasiri. Walibishana juu ya gundi, juu ya mvule, juu ya nani alivunja mpini wa randa ya baba. Siku moja marehemu alielekeza kidole kwenye zile mbao za mninga. "Hizo usiziuze. Zimeningoja mno."

"Nitazitandika wapi, kaka? Chumba kimeshapata sakafu."

"Utajua."

Marehemu alituacha Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, alasiri, katika chumba hicho. Mkewe alikuwa amemaliza kufuta sakafu kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Marehemu alisema, "Mwalimu, kona ile bado ina maji." Mkewe aliinama kuifuta. Alipoinuka, mumewe alikuwa ameshaondoka.

Jeneza mnaloliona mbele yenu ni mninga wa chumba cha nyuma. Limetengenezwa na mdogo wake, kwa randa ya baba yao, katika karakana ile ile. Alikuwa hajashika randa tangu afungue duka, na mikono yake mtaiona ilivyochubuka. Alimuuliza shemeji yake jambo moja tu, apake vanishi mara ngapi. Akajibiwa: kama ambavyo angepaka marehemu. Alipaka, akaacha ikauke, akapiga msasa, akapaka tena, mpaka ikatosha. Hakuna mteja aliyewahi kupata mbao zilizopumzika hivi.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, mkwe mmoja, wajukuu wanne ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kuteleza sebuleni kwa soksi, dada, na mdogo wake anayewasomea. Baada ya maziko nyumba iko wazi kwa wote. Viatu vya marehemu viko mlangoni, upande wa kulia. Msivisogeze. Wekeni vyenu kando yake, mwingie.

Apumzike kwa amani Fundi wetu, ndani ya mbao zilizomngoja.