Eucabeth Onsongo na Marekebisho ya Ojwang

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Eucabeth Onsongo anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha tahadhari za radi kwa miaka ishirini na miwili.

Mzaliwa huyu wa Marani alianza kwa kupokea simu za wakulima, akajifunza kuandika programu akiwa kazini, hatimaye akawa msimamizi wa mfumo unaowatumia wachuma chai wa Kisii na Nyamira ujumbe radi inapokaribia. Tutaikosa chai yake, iliyokolea hadi wageni wakaomba maji ya kuizimua. Kustaafu kwake kungetosha kuandikwa kwa furaha, lakini yeye mwenyewe ameomba tuandike na haya.

Miaka sita iliyopita, radi iliwaua wanawake wawili shambani Ikonge. Ujumbe haukuwafikia kwa sababu programu ilikuwa ikiliruka eneo lao. Mwenzetu Dancun Ojwang, mwenyeji wa Homa Bay, aliiambia kamati iliyochunguza vifo hivyo kwamba alikuwa ameshalirekebisha kosa hilo. Mfumo wetu wa kuhifadhi programu hutunza kila badiliko na jina la aliyelifanya, basi Eucabeth akaagizwa atafute. Katika historia ya faili iliyokuwa na kosa, jina la Ojwang halikuwemo. Alifutwa kazi siku hiyo hiyo, kompyuta yake ikabaki mezani.

Mwaka jana, akiandaa mafunzo, Eucabeth aliuamuru mfumo uonyeshe historia ya faili ile bila kufupisha chochote. Jina la Ojwang likatokea. Utafutaji wa kawaida hufupisha: matawi mawili ya kazi, yaani nakala mbili za programu zilizoendelezwa kando kando, yakiunganishwa, na faili ikabaki sawa na ilivyo katika tawi moja, mfumo hulifuata hilo na kuliacha jingine kana kwamba halikuwahi kuwepo. Marekebisho ya Ojwang yalikuwa katika hilo lililoachwa. Aliyeyaunganisha matawi, mkuu wa zamu ambaye ameshahama, alibakiza faili ya zamani, yenye kosa.

Eucabeth alifunga safari hadi Homa Bay, akamkuta Ojwang akiuza viatu sokoni. Alimweleza yote. Ojwang akasema, "Dada, mimi mwenyewe nilishaamini kwamba sikurekebisha. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaomba wale kina mama msamaha."

Hakutaka kurudi kazini. Kamati nayo ilijibu kwamba shauri lilikwisha. Huko Ikonge, mzee Ogeto, aliyefiwa na mkewe siku ile, alimsihi Eucabeth asimletee jina jingine; alikuwa amechoka kumchukia mtu mmoja, hana nguvu za kuanza na wa pili.

Tangu hapo Eucabeth anakula mchana peke yake.

Dada Eucabeth, tunakushukuru kwa miaka yako yote, pamoja na ule ambao ungetamani kuufuta. Nenda nyumbani Marani, upumzike, ukiweza.