Kabati Anatoka Mbele ya Lenzi

Baada ya miaka thelathini na moja ya kubeba viti vya kukaliwa na watu wengine, Mtunza Vifaa wetu Mkuu, anayejulikana na wote kuanzia bosi hadi mlinzi wa getini kwa jina la Kabati, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina hilo alipewa na mpiga kamera wetu, Jicho, wiki yao ya kwanza kazini, alipokwama mlangoni mwa studio akiwa amekumbatia kabati la nguo, ikawa shida kujua kipi kivutwe kwanza. Mimi wa idara ya mavazi nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya utawala, sina upande. Si kweli, lakini nimekubali.

Kila kitu unachokiona kwenye televisheni ambacho si mtu wala nguo, mtunza vifaa ndiye aliyekitafuta, akakifuta vumbi na kukiweka mahali pake. Kabati alianza na taarifa ya habari, ambako kazi yake ilikuwa meza moja na glasi ya maji. Akahamia vipindi vya watoto, akatengeneza twiga wa magodoro ambaye mpaka leo hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa alifanana na ngamia. Hatimaye akaletwa kwenye mchezo wetu wa Alhamisi jioni, na huko ndiko alikopata sifa na matatizo.

Kwa wasioutazama (tunawajua), mchezo huo ni wa kuchekesha na kuliza. Marafiki wawili wa tangu utotoni wanaendesha saluni ya nywele. Mmoja anampenda kaka wa mwenzake, na mwenzake ananuna misimu mitatu mizima. Kabati hakuwa na subira na mnuno huo. Kila skripti mpya ilipofika alimwambia mwandishi kuwa mtu mzima hanuni kwa sababu ndugu yake kapendwa, na kwamba yakimkuta yeye atafurahi na kuwanunulia watu soda. Aliyasema hayo mbele ya mashahidi.

Sasa, urafiki wa Kabati na Jicho ulikuwa wa kutukanana. Jicho alimwita mwenzake mzigo uliokosa mchukuzi. Kabati alidai Jicho alizaliwa na jicho moja, la pili aliazima na hajarudisha. Kabati ndiye mkubwa, kwa miaka miwili, na pande zote mbili zililitumia jambo hilo vibaya. Sikuwahi kuwasikia wakiambiana neno zuri, na kila mmoja angempa mwenzake figo.

Kisha akaja mama mkwe. Siku hiyo tulihitaji saluni iliyojaa wateja, na mmoja wa wateja wetu wa kulipwa hakutokea. Kabati akampigia simu mama wa mkewe, mjane, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kuwaamuru watoto watoke na wakatoka. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma, chini ya mashine ya kukaushia nywele, na kunyamaza. Hakunyamaza, alimkosoa mwigizaji mkuu namna anavyokaa. Jioni tulipotazama picha, mwigizaji mkuu alikuwa ukungu mtupu, na nyuma yake, amenyooka kama kapigwa pasi, alionekana mkunga, wazi kabisa. Picha zote zilikuwa hivyo. Jicho, aliyejigamba miaka yote kuwa amefunga ndoa na kamera, alisema lenzi ilikuwa na vumbi.

Vumbi hilo liliendelea karibu mwaka mzima na likaishia ofisini kwa msajili wa ndoa.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Soda hatukuiona. Kabati alinuna, tena mnuno wa kitaalamu, ambao wale wa saluni wangeusomea. Lakini tuwe wa haki: lake lilikuwa zito. Rafiki unamtania, mkwe humtanii. Mtu aliyekuwa akimwita mpuuzi jana, leo ni mume wa mama mkwe wake, wa kupishwa kiti na kusemeshwa kwa macho ya chini. Mkewe Kabati alifurahi, akasema hatimaye mama yake amepata mtu mwingine wa kumsahihisha. Kabati hakuona raha hiyo. Aliyekuwa anampoteza ni rafiki yake wa pekee, na hakujua aende kumlilia nani, maana miaka yote alikuwa akimlilia Jicho.

Akachagua silaha mbaya kuliko matusi, yaani adabu. Kila asubuhi alisimama mbele ya Jicho, mikono nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Shikamoo, baba." Na Jicho, mdogo wake, akalazimika kuitikia marahaba mbele yetu sote. Nimeona watu wakifokewa humu ndani, wengine nikiwafokea mimi mwenyewe, lakini sijaona mtu aliyeumia kama Jicho akiitikia salamu ile. Nilipunguza suruali zake mara mbili.

Kazini nako ikawa vita. Kabati aliweka vyungu vya maua mbele ya kamera. Jicho akajibu kwa kutia ukungu kila kikombe, kila kitana na kila kioo alichokiweka Kabati. Mhakiki mmoja wa gazeti akausifu msimu ule kwa kuonyesha upweke wa vitu. Tulipewa tuzo, ndiyo ile iliyoko mapokezi, na wote wawili walikwenda kuipokea bila kutazamana.

Ikafika siku ya kupiga tukio la marafiki wa saluni kupatana. Mwandishi alikuwa ameandika hotuba ya kurasa mbili kuhusu msamaha, na waigizaji waliitamka tangu asubuhi bila yeyote kuiamini. Kabati akaingia kuweka kikombe mezani, akasimama katikati ya picha, akakaa hapo kwa raha zake. Jicho alikuwa amechoka, akajisahau.

"We Kabati, toa tumbo hilo mbele ya lenzi."

Baba mkwe alikuwa ametaja tumbo la mkwewe hadharani. Jicho mwenyewe alishika mdomo. Kabati akakizungusha kikombe hadi kishikio chake kikaelekea kamera, ndipo akajibu bila kugeuka.

"Hili tumbo ni kazi ya binti yako. Kama hulitaki, kalalamike kwa mkeo."

Mkeo. Kwa miezi yote ile hakuwahi kulitamka neno hilo. Jicho alicheka hadi kamera ikatikisika, na Kabati akajitupa kwenye kiti cha saluni akalia. Yeye husema ni dawa ya nywele. Mwandishi alizichana kurasa zake mbili. Alhamisi iliyofuata, rafiki mmoja wa saluni alimtukana mwenzake sentensi moja tu, wakacheka wote, na simu za watazamaji zikatujia hadi usiku.

Tangu siku hiyo shikamoo ilikoma na matusi yakarudi kwa afya tele. Ndiyo maana nataka mtuwie radhi kwa picha iliyoko juu ya ukurasa huu. Imepigwa Jumatatu, stoo, Kabati akiwa kati ya viti vyake. Jicho alipoinua kamera, Kabati aliweka mikono nyuma na kusema, taratibu safari hii, "Shikamoo, baba." Nilikuwepo, na hakuwa anatania. Jicho aliitikia marahaba, uso kaficha nyuma ya kamera. Picha imetoka ukungu mtupu, na mpigaji, mtu wa uzoefu wa miaka thelathini na moja, anasema lenzi ilikuwa na vumbi. Niliifuta mimi mwenyewe asubuhi ile.

Kabati, asante kwa kila meza, kila kikombe na yule ngamia. Tunakutakia ustaafu mwema, wenye kiti ambacho hakuna atakayekuamuru ukihamishe. Siku ukitutembelea, pita mbele ya kamera upendavyo. Hapa hakuna atakayekuambia utoe tumbo, isipokuwa baba mkwe wako, na yeye ameshaanza kuulizia utakuja lini.