Theodosia Kapinga, Mkono Uliopima Kahawa

Baba Paroko, wafiwa wenzangu na majirani: dada yetu Theodosia Kapinga alizaliwa hapa Tingi tarehe 9 Aprili 1969, mtoto wa kwanza wa marehemu wazazi wetu, mzee Meinrad na mama Benadetha. Mimi ninayesoma ni Isidori, mdogo wake.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1983. Mwaka 1976 bibi yetu alituchanja chale za kukinga nyoka: wajukuu sita, asubuhi moja, wembe mmoja. Theodosia hakulia. Mimi nililia mpaka nikapewa ndizi.

Kwa miaka thelathini na mbili alifanya kazi kwenye vichanja vya kuanikia kahawa vya chama chetu cha ushirika. Alikuwa akitia mkono katika kahawa ya maganda, anafumba macho, anasema, "Hii bado siku mbili." Kipimo cha unyevu kikiletwa, kinasema vilevile. Hata leo sielewi alijuaje.

Tarehe 12 Oktoba 1991 alifunga ndoa na Adrian Komba wa Mbamba Bay, aliyepanda mlima kuuza usipa, dagaa wa ziwani, na hakushuka tena.

Mwaka 2019 tumbo lilimjaa maji, macho yakawa ya njano. Watu walisema anakunywa kwa siri. Nisiwasingizie watu: mimi ndiye niliyeanza kusema ni kangara. Dada yangu hakuwahi kuonja pombe. Shemeji Adrian alimpeleka hospitali, daktari akamwambia ini lake limejaa makovu.

"Makovu ya nini, daktari, na mimi sijawahi kuumia?"

Akaelezwa kwamba virusi vya homa ya ini B vilikaa mwilini mwake tangu utotoni. Kila ini lilipojeruhiwa lilijitibu, likabakiwa na kovu. Kovu juu ya kovu, hadi likawa gumu na damu ikakosa njia. Kama alivipata kwa mama alipozaliwa au kwenye wembe ule, daktari hakuweza kujua. Nilistaajabu, na bado nastaajabu: miaka arobaini na zaidi kiungo kile kilijiganga kimyakimya, huku mwenyewe akibeba magunia na kulea watoto.

Kwa miaka sita alimeza kidonge kila siku, akatufuata mmoja mmoja tuliochanjwa naye. Wanne walipima. Mimi nilikataa. Kila Jumapili baada ya misa aliniuliza, "Isidori, umekwenda?"

"Dada, kwani mimi naumwa nini?"

"Hata mimi sikuumwa."

Jumatatu tarehe 2 Juni mwaka huu nilikwenda. Virusi ninavyo. Makovu daktari hakuyaona, ila nitarudi kliniki kila miezi sita. Nilimkuta dada kitandani, nikamwambia. Akaweka mkono chini ya mbavu zangu za kulia, akafumba macho.

"Bado laini," alisema. "Umewahi, mdogo wangu."

Alifariki dunia Jumatano tarehe 11 Juni 2025. Ameacha mume, watoto watatu, Flavia, Hamphrey na Albina, ambao wote wamepima, wajukuu saba, ambao wote wamepata chanjo, na mimi.

Dada, unisamehe ile kangara. Kazi umeimaliza. Pumzika kwa amani ya Bwana.