Aliyetuhamisha Kutoka Chini ya Mti: Wasifu wa Kaka Yetu Pima

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi: mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, mwalimu, na mjane wake, shemeji yangu, ndiye aliyenitaka nisome haya. Nimeyaandika mara tatu. Mara mbili za kwanza niliruka jambo moja, na mara zote mbili shemeji alinirudishia karatasi.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, kifungua mimba wa watoto watano, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baba yetu, fundi seremala. Watatu kati yetu walitangulia. Tukabaki yeye na mimi. Mama alikuwa akisimulia kwamba akiwa mchanga hakupata usingizi mpaka asikie randa ikifanya kazi upande wa pili wa ukuta. Kelele zikikoma, anaamka na kulia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, kisha sekondari mpaka kidato cha pili, mwaka 1978, mgongo wa baba ulipokataa kazi. Mwalimu wake wa hisabati alikuja nyumbani mara mbili kumwombea abaki shuleni. Baba alimkaribisha, akamsikiliza hadi mwisho, na kesho yake kaka akafunga aproni. Hatukumsikia akinung'unika. Sisi wadogo zake wanne tulimaliza shule kwa mikono yake, nami hapa nilipo ni jasho lake.

Tarehe 2 Januari 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha kupasua mbao, na humo alikaa miaka arobaini na mitatu. Alianza kwa kubeba magogo, akapanda hadi kwenye msumeno mkubwa, na mwaka 1998 akawa msimamizi wa kuchagua magogo. Wenzake walimwita Pima, kwa kuwa hakukata kitu kabla hajakipima mara mbili, hata mkate. Gogo likiletwa aliliwekea kiganja, akatulia kidogo, kisha akasema "zima," msumeno usimame, au "endelea." Mwaka 1994 alisema zima, na aliyekuwa na mamlaka siku ile akasema endelea. Gogo lilikuwa limeoza moyo. Lilipasuka kwenye msumeno na kijana mwenzake wa zamu hakurudi nyumbani. Tangu hapo kaka hakubishana na mtu kwa sauti, lakini hakunyamaza pia.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1987. Siku ya kwanza kwenda ukweni alikalishwa kwenye kochi lililokuwa likiyumba. Wazee walipokuwa bado katika salamu, aliomba radhi, akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake, na mzee akadhani kijana ana heshima iliyopitiliza. Kumbe alikuwa anachomeka kipande cha ubao chini ya mguu wa kochi. Baba mkwe alilitikisa, likatulia, akasema mazungumzo yamekwisha, mengine ni maelezo. Walijaliwa watoto watatu na wakakaa pamoja miaka thelathini na saba. Shemeji anasema waligombana vizuri na kupatana vizuri.

Kuhusu afya yake, alikuwa na nguvu, ila misumeno ilimla masikio. Yalianza kuvuma mwaka 2009, na kufikia 2016 sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa. Kifaa cha kusaidia kusikia alichopewa alikiweka mfukoni mwa shati, akisema mfuko nao una haki ya kusikia. Tulicheka naye. Tukazoea kumcheka.

Sasa nifike kambini.

Tangu mwaka 2013, kila Desemba shule zikifungwa, familia kadhaa hukusanyika na kwenda kupiga mahema kando ya bwawa kwa juma zima. Mimi ndiye mratibu. Mwaka huu tulikuwa watu thelathini na wanne, kumi na watano kati yao vijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane, na joto lilikuwa halijawahi kutokea. Kambi tuliyoizoea ilikuwa imejaa, nikatafuta nyingine. Mimi ndiye niliyeichagua. Niliipenda kwa sababu ya mti wake: mmoja tu katika uwanja mzima, kivuli chake kikitosha mahema sita na jiko. Tulifika Jumamosi tarehe 7. Vijana walikiparamia kivuli kile kabla gari halijazima.

Kaka alifika Jumapili na mkewe, kwa kuwa Jumamosi alikuwa kazini. Aliutazama mti tangu chini hadi juu, akarudi kwenye gari, akapiga hema lake mteremkoni, juani. Vijana wakatania kwamba babu anajianika. Naye akawaambia nguo mbichi huanikwa, wao wamekwisha kukauka kichwani. Wakamshangilia. Walimpenda sana, kila mwaka aliwachongea vigingi vya mbao, na kila kigingi kilikuwa na alama ya mwenyewe.

Jumatatu asubuhi mahema yote sita ya kivulini yalikuwa na unga mwembamba juu yake, rangi ya kahawia hafifu. Sisi tulidhani ni vumbi la barabarani. Kaka aliusugua kwa vidole, akaunusa, akanifuata kwenye jiko na kuniambia kwamba ule ni unga wa mbao, kwamba kuna wadudu ndani ya mti wanakula, na wamekula siku nyingi. Nilimpigia simu mwenye kambi. Akasema mti ule ulikuwapo tangu babu yake, na haujawahi kumdondoshea mtu hata jani la kumuumiza. Nikamweleza kaka. Akasema, basi tuwaulize wenye watoto.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, niliitisha kikao. Kaka alieleza kwa utaratibu wake. Vijana walinung'unika kwamba huko juani watachomwa kama mahindi. Wazazi walinitazama mimi. Hapa ndipo nilipoparuka mara mbili, na leo sitaparuka. Nilisema, "Kaka hasikii hata kengele ya mlango. Atausikiaje mti?"

Watu walicheka. Yeye hakusikia nilichosema. Aliona watu wanacheka, naye akacheka pamoja nao.

Nikaomba wanaotaka kuhama wanyooshe mikono. Ilinyooka mitatu: wake, wa mkewe, na wa mama mmoja aliyesema jua halimsumbui.

Jumanne tarehe 10 kulikucha bila upepo hata kidogo. Maji ya bwawa yalilala kama sahani. Moshi wa jiko ulipanda wima. Kufikia saa nne kaka alikuwa amesimama kwenye shina, kiganja kimelala juu ya gome, na hakuondoka hapo mpaka chai yake ikaota ngozi. Ndipo akaniita, akaushika mkono wangu, akauweka pale pale palipokuwa pake.

Ninyi mliokuja kumzika mna haki ya kujua kwamba nilihisi. Kitu kidogo, kama simu inayotetemeka ndani ya mkoba wa mtu mwingine. Kinatulia, kinarudi. Nilimwambia kwa ishara kwamba hayo ni mapigo ya moyo wangu mwenyewe.

"Moyo wako haupigi hivyo," alisema, na huo ndio mwisho wa kuniomba.

Hakuita kikao kingine. Saa sita na nusu alianza kung'oa vigingi. Alililaza hema la kwanza chini, akaliburuta juani pamoja na magodoro na viatu, akarudi kwa la pili. Vijana walikuja juu. Wazazi wengine walikuja juu zaidi. Baba mmoja alimshika bega, na kaka, ambaye sikuwahi kumwona akimsukuma mtu, akamsukuma. Sijui ni ile sura yake au nini, lakini la tatu vijana walimsaidia, na la nne na la tano waliburuta wenyewe, wakimlaani kwa midomo ambayo alikuwa hawezi kuisikia. Shemeji alikuwa anawahesabu vijana juani. Kumi na wanne.

Wa kumi na tano alikuwa binti yangu, ana miaka kumi na sita. Alikuwa amejifungia ndani ya hema la sita, lililokuwa karibu zaidi na shina, hedifoni masikioni, amesusa. Kaka aligonga turubai. Mmoja hasikii, mwingine hataki kusikia. Hakupoteza muda kufungua zipu. Alinipungia mkono nishike upande wa mbele nivute, yeye akaanza kung'oa vigingi vya nyuma, nasi tukaliburuta hema na mtoto ndani yake kama gunia. Lilikwama kwenye kigingi cha mwisho. Alirudi kukichomoa. Nilimwona akiinama.

Sikusikia kitu kikivunjika. Nilichokiona ni kivuli kikibadilika mahali pake. Hema likaachia ghafla, likanijia, nikaanguka chali, na ndipo sauti ikafika. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini mchana. Tawi lililoanguka lilikuwa nene kuliko kifua cha mtu, na ndani lilikuwa tupu kama bomba. Lilifunika mahali pa mahema yote sita. Binti yangu alitoka akiwa na mkwaruzo kwenye kiwiko. Kaka alikuwa amelala chini ya ncha ya tawi, kigingi mkononi.

Alilazwa siku sita. Nyonga ilivunjika, mbavu ziliingia kwenye pafu, na madaktari walifanya waliloweza. Hakuweza kusema kwa sababu ya mipira ya kupumulia, hivyo aliandika kwa penseli. Binti yangu alikaa naye kila siku. Sijui waliandikiana nini, na sikuuliza. Mimi nilimwandikia kwamba naomba radhi kwa maneno ya Jumatatu. Aliandika: maneno gani? Nikamwandikia yote. Alisoma, kisha akaandika swali moja: upande wa pili wa mti bado umesimama? Nilimjibu ndiyo. Alitaka karatasi kubwa. Alichora shina, akaonyesha pa kukata kwanza, pa kufunga kamba, na upande ambao mtu asisimame kabisa. Karatasi hiyo niliwapelekea wenzake kiwandani. Kaka yetu alifariki Jumatatu tarehe 16 Desemba 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, na binti yangu, ambaye hajavaa hedifoni tangu siku ile.

Najua wengi mnawatafuta kwa macho wenzake watatu wa kwenye msumeno, waliokuwa wabebe jeneza. Hawakutuvunjia heshima. Mwenye kambi alikuwa amekataa katakata mti kuguswa; alisema umekwisha kumwaga ulichokuwa nacho, na kwamba keshokutwa Jumamosi anapokea wanafunzi arobaini wenye mahema yao. Jana saa kumi jioni alinipigia simu mwenyewe. Alisema meza zake za kambini zimeamka na unga ule ule. Akaniuliza kama wale watu wa msumeno bado wanaweza kuja kuukata mti.

Wameondoka alfajiri na ile karatasi. Shemeji ndiye aliyewaambia waende, akasema mumewe angewafukuza kaburini. Mpaka ninaposoma hapa hawajapiga simu.

Kaka, tunakulaza. Pumzika kwa amani, nasi tutaacha simu zikiwa wazi.