Dorica Ngosa na Nyumba za Ng'ambo

Wazee wa Kashikishi, majirani na Wakristo wenzetu, mimi Lackson Chishimba, mumewe, ninasoma mbele yenu maisha ya Dorica Ngosa, tunayemzika leo.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1921 kisiwani Chisenga, binti wa mvuvi, mzee Nkonde, na mama Mpundu, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1936, kisha akauza samaki wakavu pamoja na mama yake, wakivuka Ziwa Mweru hadi Kilwa, upande wa Kongo, ambako kila mwuzaji alikuwa na rafiki yake, mwenye nyumba aliyemlaza na kumtafutia wanunuzi, naye mwuzaji akamletea mwenyeji wake chumvi na samaki wa kwanza kabla ya kufungua mzigo.

Tulifunga ndoa hapa tarehe 12 Agosti 1944, nami nikasoma chuo kikuu Afrika Kusini kwa samaki aliouza yeye. Tulipata watoto wawili, Mutale mwaka 1945 na Febby mwaka 1950.

Februari 1953 serikali za pande mbili zilifungua kule Nchelenge Ofisi ya Biashara ya Mweru, ili kuwakutanisha wauzaji wetu na wanunuzi wa Kongo, Dorica akaajiriwa mkalimani, na kwa agizo la ofisi akawashawishi akina mama waache nyumba za marafiki, wauze kwa pamoja katika ghala la ofisi kule Kilwa na kulala humo, nao wakamwamini. Tarehe 30 Juni 1957 ofisi ilifungwa, ghala likatiwa kufuli, sababu hatukuelezwa.

Tangu hapo alivuka hata wakati wa mvua, akiwaombea wenzake wapokelewe tena, na kila mlango ulimjibu kama alivyojibu Mama Chola, rafiki yake wa miaka ishirini, akiiita ofisi biro kama wasemavyo Kongo: “Muliacha nyumba zetu juu ya biro, basi muende mulale mu biro.” Akina mama walilala ufukweni, samaki wakaloa na kuoza.

Januari 1958 alirudi na kichomi, akalazwa hospitali ya misheni, akafariki tarehe 3 Februari, akiwa bado ananiuliza kama Mama Chola amekubali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa kazi waliochimba kaburi. Tulituma mtumbwi Kilwa kuwaarifu marafiki zake, tukachelewesha maziko, na asubuhi hii umerudi na wapiga kasia peke yao.

Pumzika, Mama Mutale, hutavuka tena.