Wimbo Ulivuka Ziwa au Haukuvuka

Basi la Kibondo lilikuwa limeiacha Kasulu pale redio ilipopiga wimbo wa kwaya. Loyce, nesi aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alijifanya anasoma simu, kumbe anawasikiliza waliokaa mbele yake.

"Huu ni wimbo wetu Waha, wa asili kabisa," alisema mzee Nicodemus.

"Hapana, papa," akajibu mama wa Kikongo, wa ng'ambo ya ziwa. "Marehemu baba yangu alitungaka hii wimbo kambini Nyarugusu, kwa wakimbizi."

"Mwanangu, mama yangu tulimzika kwa wimbo huu!"

"Basi baba yangu alimusindikiza mama yako."

Loyce akasahau kujifanya anasoma.

Basi liliposimama Makere, mama akashuka. Mzee akatoa kichwa dirishani.

"Mwanangu! Na baba yako mlimzika kwa wimbo gani?"